Je, Wajua? Kutoka Malaba Hadi Maleba

Sogea kidogo kwenye hilo benchi, nami nikae. Chai ishachemka, mandazi bado ni ya moto, na malori ya Malaba hayaendi popote kwa sasa. Leo hatugusi bei ya mahindi wala kiwango cha shilingi ya Uganda. Leo ni michezo ya kuigiza, hasa ile mipya inayotoka kalamuni wino haujakauka, na jinsi kona hii ya mpakani ilivyo na mkono ndani yake. Anza kuhesabu kwa vidole. Vya mikono havitatosha!

MPAKA NDIO JUKWAA

Je, wajua kwamba ukibadilisha herufi moja tu, Malaba inakuwa maleba? Na maleba, kama mwalimu wako wa fasihi alivyokuambia, ni mavazi ya mwigizaji jukwaani. Mji mzima umekosa irabu moja tu uitwe sanduku la nguo za mchezo!

Je, wajua kwamba kabla ya 1902 Busia ilikuwa Uganda? Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi pande za Naivasha, kisha Waingereza wakauhamisha mstari kwa kalamu. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka 1900 alibadilishiwa nchi akiwa mgongoni mwa mamake, na mama mwenyewe hakupiga hata hatua.

Na hii? Kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, Malaba ya Kenya na Malaba ya Uganda. Waiteso wako pande zote mbili, Wasamia vilevile. Mwigizaji akisema jukwaani kwamba anaenda Busia, hadhira ina haki ya kumuuliza: ipi?

Shika hii sasa. Ukiwa Busia ya Kenya, uko karibu zaidi na Ukumbi wa Taifa wa Uganda kuliko Ukumbi wa Taifa wa Kenya! Kampala ni takriban kilomita 200, Nairobi ni zaidi ya 400. Kwa mpenzi wa michezo, jirani ndiye ndugu.

Je, wajua kwamba boda boda ilizaliwa papa hapa? Miaka ya 1960 vijana wa Busia walibeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine, wakiita neno la Kiingereza la mpaka mara mbili mbili. Leo huwezi kuandika mchezo wa mjini, kuanzia Mombasa hadi Kigali, usimtie mtu wa boda ndani.

Tarehe 24 Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia. Siku hizi unatoka nchi moja na kuingia nyingine chini ya paa moja. Mtunzi gani hatamani jukwaa kama hilo, ambapo hatua tatu zinakupeleka ng'ambo?

Na lugha je? Muuzaji wa samaki wa mpakani anaweza kukusalimu kwa Kiteso, akapatana bei kwa Kiswahili, akahesabu chenji kwa Kiganda, na akamwita mwenzake kwa Kisamia usije ukasikia. Hayo ni maonyesho manne kwa samaki mmoja! Mjini kwingine watu hulipa kiingilio.

SENETA MWENYE MCHEZO WAKE

Je, wajua kwamba Seneta wa Busia ni mtunzi wa tamthilia? Okiya Omtatah alichaguliwa Agosti 2022, na wengi wanamjua kwa kesi zake dhidi ya serikali. Lakini miaka 31 kabla ya kiti hicho, mwaka 1991, mchezo wake *Lwanda Magere* ulikuwa umeshachapishwa.

Lwanda Magere ni nani? Ni shujaa wa Wajaluo ambaye, kwa simulizi, mwili wake ulikuwa jiwe: mkuki unagonga, mkuki unapinda. Siri yake ilikuwa kwenye kivuli! Mtu wa kuuawa kwa kuchomwa kivuli, na bado hujataka kununua tiketi?

Usisahau kwamba Omtatah ni mwana wa Teso. Mtoto wa Waiteso akakaa chini akaandika kuhusu shujaa wa Wajaluo, tena kwa Kiingereza. Hapa mpakani hadithi ya jirani ni kama mbuzi wa jirani: inaingia uani bila kubisha.

Tega sikio, hii ni tamu. Kaunti ya jirani, Kakamega, nayo ilikuwa na seneta mtunzi wa tamthilia: Cleophas Malala, kati ya 2017 na 2022. Mmoja alitoka, mwingine akaingia mwaka uleule. Kaunti mbili zinazopakana, maseneta wawili, na wote wanajua kuandika "anatoka kwa hasira"!

KIWANDA CHA MICHEZO MIPYA

Unadhani michezo mipya ya Kenya inatoka wapi kwa wingi? Siyo kwenye kumbi za Nairobi. Inatoka shuleni! Tamasha la drama la shule lilianza mwaka 1959, na kila mwaka walimu na wanafunzi huketi tena na karatasi nyeupe.

Safari yenyewe ni ndefu kuliko ya lori la Mombasa. Mchezo huanza ngazi ya zoni, unapanda kaunti ndogo, unapanda kaunti, unapanda kanda, ndipo ufike kitaifa. Mchezo wa Busia, kabla ya kuiona fainali, lazima upambane na wa Bungoma, Kakamega na Vihiga. Hapo ndipo watu husahau ujirani!

Na tamasha hilo si michezo tu. Kuna ngoma za kubuni, mashairi ya kikundi, mashairi ya mtu mmoja na hadithi za kusimuliwa. Mwalimu mmoja wa lugha anaweza kuwa mtunzi, mwongozaji, fundi wa nguo na mlinda mabegi, vyote kwa siku moja.

Je, wajua zawadi kubwa kuliko kikombe ni ipi? Washindi huitwa kuigiza mbele ya Rais wa nchi. Fikiria kijana wa kijijini, viatu vya kuazima, akimwambia kiongozi wa taifa mambo ambayo mawaziri wanayanong'ona tu.

Lakini si kila mchezo hupita laini. Mwaka 2013 wasichana wa Butere, kaunti ya Kakamega, walikuwa na *Shackles of Doom*, mchezo wa Malala huyohuyo. Ulizuiwa usifike fainali, watu wakaenda Mahakama Kuu, na jaji akaamuru uchezwe. Mchezo wa shule wenye wakili!

Kaa imara, maana miaka 12 baadaye ikawa tena. Aprili 2025, shule ileile, mtunzi yuleyule, mchezo mpya: *Echoes of War*. Mahakama ikaagiza wasichana waruhusiwe. Walipofika Nakuru waliimba wimbo wa taifa, wakageuka, wakaondoka bila kuigiza. Nchi nzima ikazungumzia mchezo ambao haikuuona!

Hata ngoma ina cheti cha dunia. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ukiisikia ikipigwa kwenye tamasha, jua unasikia kitu kilichovuka mikutano ya kimataifa bila kupoteza mdundo.

Rudi nyuma zaidi. Mwaka 1954 mwanafunzi wa Alliance High School, Henry Kuria, aliandika mchezo wa Kiswahili uitwao *Nakupenda, Lakini...* Lakini nini? Miaka zaidi ya 70 imepita na hilo "lakini" bado linavunja ndoa.

Mwaka huohuo, 1954, Wycliffe Kiyingi alianzisha kikundi cha waigizaji Waafrika jijini Kampala. Vijana wawili, nchi mbili, reli moja katikati yao. Na reli hiyo ilipita wapi? Subiri, tunafika.

PANGA UPYA HERUFI

Toa kalamu. Andika KAFIRA. Sasa zipange upya herufi hizo sita. Umeona? AFRIKA! Ndilo jina ambalo mtunzi Francis Imbuga aliipa nchi yake ya kubuni, na wakubwa wangapi walipita juu yake bila kushtuka?

Imbuga alizaliwa mwaka 1947 huko Maragoli, kanda hiihii ya Magharibi. Tamthilia yake *Betrayal in the City* ilitoka 1976. Kwa wengi waliosoma sekondari Kenya, hata waliosahau hesabu za pembetatu, bado wanamkumbuka mhusika wake Mulili.

Ndani ya mchezo huo kuna mchezo mwingine. Wafungwa wanapewa kazi ya kuigiza ili kumfurahisha mgeni wa Boss, mtawala wa Kafira, na katikati ya mazoezi bunduki zinakuwa za kweli. Serikali ya Kafira inaangushwa na mazoezi ya drama!

Mwaka 1977 Kenya ilipeleka tamthilia mbili kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika jijini Lagos. Moja ilikuwa hiyo ya Imbuga. Nyingine ilikuwa *The Trial of Dedan Kimathi* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Mtoto wa Maragoli akaiwakilisha nchi mbele ya bara zima akiwa hajafika hata miaka 31.

Na mchezo huo una vazi la Kiswahili pia: unaitwa *Usaliti Mjini*. Hadithi ile ile, maleba tofauti.

WALIOVUKA

Sasa reli. Treni ilifika Kampala mwaka 1931, na njia yake kutoka Nairobi ilipita Eldoret, ikavuka hapa Malaba, ikaingia Tororo. Kwa hiyo kwa miaka mingi, wanafunzi wa Kenya waliokwenda Makerere kwa treni walipita mbele ya benchi hili. Je, ni wangapi walikuwa na daftari la mchezo begani?

Mmoja tunamjua. Novemba 1962, mwanafunzi wa Makerere kutoka Limuru alionyesha mchezo wake wa kwanza mrefu kwenye Ukumbi wa Taifa wa Uganda, kusherehekea uhuru wa Uganda. Mchezo ni *The Black Hermit*, kijana ni Ngũgĩ. Mtunzi mkubwa wa Kenya alianzia jukwaa la jirani!

Naye Okot p'Bitek alikuja upande huu. Aliongoza kituo cha utamaduni cha taifa jijini Kampala, kisha akajikuta Kisumu, ambako mwaka 1968 aliandaa tamasha la sanaa. Lakini hiyo si ajabu yake kubwa.

Ajabu yake ni hii: mwaka 1956 Okot alikwenda Uingereza na timu ya mpira ya Uganda, nao wakacheza bila viatu! Mchezaji wa miguu mitupu ndiye baadaye aliyeandika *Wimbo wa Lawino*. Ukimwona kijana anapiga chandimu kule uwanjani, usimdharau. Huenda ana mistari mfukoni.

John Ruganda wa Fort Portal alikimbia Uganda ya Idi Amin, akaishi na kufundisha Nairobi. Tamthilia yake ya 1980, *The Floods*, haina sehemu zinazoitwa maonyesho. Ina mawimbi matatu! Ukimaliza la tatu, utajifuta maji usoni.

Robert Serumaga alisomea uchumi Dublin, akarudi Uganda, akaunda kikundi cha maigizo kilichozunguka dunia. Kisha akashika silaha dhidi ya Amin, na mwaka 1979 akawa waziri wa biashara. Alifariki Nairobi mwaka 1980. Mtu mmoja, maleba manne: mchumi, mwigizaji, mpiganaji, waziri.

Hii inywe polepole. Byron Kawadwa alipeleka mchezo wake wa Kiganda kwenye tamasha lilelile la Lagos mwaka 1977. Aliporudi nyumbani, watu wa utawala wa Amin walimchukua na kumuua mwaka huohuo. Jina la mchezo lilimtaja jogoo, na kuna watawala wasiotaka kuamshwa.

Tuinue moyo. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, chini ya mwalimu wao David Cook, walianzisha jukwaa la kusafiri. Kiingilio? Sufuri! Walicheza kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, sokoni, viwanjani, popote palipopatikana kivuli.

Nairobi haikukubali kuachwa. Miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikawa na jukwaa lake la kusafiri, na Ruganda, yule mkimbizi wa Uganda, alikuwa mmoja wa nguzo zake. Mbegu ya Makerere iliota upande wa pili wa mpaka bila kulipiwa ushuru.

Na siku hizi je? Mwaka 2012 Angella Emurwon wa Uganda alishinda shindano la kimataifa la BBC la michezo ya redio, upande wa waandishi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Mchezo unaitwa *Sunflowers Behind a Dirty Fence*. Alizeti nyuma ya ua mchafu: pita barabara yoyote ya mpakani uone kama hukuzikuta.

NAMBA ZA KUKUTOA JASHO

Je, wajua nguvu ya wanakijiji wenye majembe? Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wa watu wapatao 2,000. Hakuna mfadhili, hakuna mkandarasi. Mbao, kamba na jasho!

Mchezo wao, *Ngaahika Ndeenda*, ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali kikaondolewa. Hesabu: ni siku 45 kamili.

Sasa shikilia kikombe usimwage chai. Mchezo huo ulirudi jukwaani, kwenye Ukumbi wa Taifa wa Kenya, mwezi Mei 2022. Kutoka 1977 hadi 2022 ni miaka mingapi? 45! Siku 45 za kuchezwa, miaka 45 ya kusubiri. Mtunzi wa kubuni angeambiwa amezidisha.

Ngũgĩ, aliyeuandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, alikamatwa mwishoni mwa Desemba 1977. Ndani ya gereza la Kamiti akaandika riwaya nzima kwenye karatasi za choo. Nawe unasema huandiki kwa sababu kompyuta yako ni nzee?

Naye Alamin Mazrui alichapisha tamthilia ya *Kilio cha Haki* mwaka 1981, inayohusu wafanyakazi wa shambani na kiongozi wao mwanamke. Mwaka uliofuata, 1982, mwenyewe akatiwa kizuizini. Kilio kikapata kilio.

Ndiyo maana nikakuambia wasichana wa Butere hawakuanza wao. Njia ya mchezo mpya ina vizuizi vingi kuliko barabara ya Bungoma hadi Malaba. Lakini mpakani tunajua jambo moja: penye kizuizi, njia ya panya haikosekani.

KISWAHILI KINAPOPANDA JUKWAANI

Je, wajua Rais aliyetafsiri Shakespeare? Julius Nyerere wa Tanzania! Tafsiri yake ya *Julius Caesar* ilitoka 1963, akiwa tayari Ikulu. Julius mmoja akamtafsiri Julius mwenzake.

Hakutosheka. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, alitoa *The Merchant of Venice* kwa Kiswahili. Unadhani aliwaita "wafanyabiashara"? Thubutu! Aliuita *Mabepari wa Venisi*.

Mwaka huohuo, 1969, Ebrahim Hussein wa Lindi alitoa *Kinjeketile*, kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Alikuwa kijana wa miaka 26 hivi. Maji yale hayakuzuia risasi, lakini mchezo wake hakuna aliyeuzuia kufika kila darasa.

Sasa hii inatuhusu. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986, na mjane wake na ukoo wakagombania maiti mahakamani. Alizikwa Nyalgunga, kaunti ya Siaya, jirani yetu wa kusini, tarehe 23 Mei 1987. Siku 154 bila kaburi!

Kisa hicho kilimfikia Ebrahim Hussein, na mwaka 1988 ikatoka *Kwenye Ukingo wa Thim*. Thim ni neno la Kijaluo: mwituni, porini. Mtunzi kutoka Lindi, pwani ya kusini ya Tanzania, alikuja kuchota mchezo kilomita chache kutoka Busia. Na sisi tulio hapa tunachota nini?

Je, wajua tamthilia iliyosomwa nchi nzima? *Kigogo* ya Pauline Kea ilipokuwa kitabu cha lazima cha KCSE, watahiniwa zaidi ya 600,000 waliingia nayo kwenye mtihani kila mwaka. Jimbo lake la kubuni linaitwa Sagamoyo. Tamka haraka mara tatu uone linakupeleka pwani ipi.

Baada yake ikaja *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege. Muulize kijana yeyote wa Amukura au Matayos aliye kidato cha nne. Atakutajia wahusika wote kabla chai yako haijapoa, kisha atakuomba nauli.

NG'AMBO YA NG'AMBO

Ukumbi wa Taifa wa Kenya ulifunguliwa Novemba 1952. Mwezi huohuo, London, *The Mousetrap* wa Agatha Christie ulianza kuchezwa, na umechezwa zaidi ya mara 28,000! Ulisimama kwa corona, ukarudi 2021. Na muuaji bado ni yuleyule.

Je, wajua Wole Soyinka alifanya kazi gani kabla ya sifa? Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa msomaji wa miswada kwenye ukumbi wa Royal Court, London, unaojulikana kwa kulea michezo mipya. Alisoma ya wenzake, akaandika yake, na mwaka 1986 akachukua Nobeli ya fasihi. Kusoma daftari la mwenzio ni kazi, usiione ndogo.

Huko Dublin, Ireland, ukumbi wa Abbey ulifunguliwa 1904 ili Waayalandi waone michezo yao wenyewe. Mwaka 1907 mchezo mpya wa John Millington Synge ukazua fujo hadi polisi wakaitwa. Leo mchezo huo ni fahari ya nchi. Wasichana wa Butere, mnasikia?

Karibu na nyumbani, mwaka 2010 taasisi ya Sundance ya Marekani iliwakusanya watunzi wa Afrika Mashariki kwenye kisiwa cha Manda, Lamu. Kazi yao? Kusoma, kufuta, kuandika tena. Umeona wapi watu wakipelekwa ufukweni kwenda kufuta!

Miaka minne baadaye, 2014, likazaliwa Tamasha la Kimataifa la Michezo ya Kuigiza la Kampala. Watunzi wa Kenya, Rwanda, Uganda na kwingineko wakapata mahali pa kuonyeshana kazi. Na kutoka Busia? Kilomita zilezile 200. Ukipanda gari la asubuhi, unafika kabla pazia halijafunguliwa.

MWISHO WA BENCHI

Vidole vimekuishia? Nilikuonya. Basi shika hili la mwisho uende nalo.

Je, wajua mchezo mpya unahitaji nini ili uzaliwe? Siyo pazia, siyo taa, siyo maleba hata. Royal Court au Manda, Makerere au darasa la bati, mwanzo ni uleule: watu wachache wanaketi karibu karibu, kila mmoja anasoma nafasi yake kwa sauti, na mtunzi ananyamaza asikie palipopwaya. Kinachohitajika ni benchi.

Na wewe umelikalia tangu nianze.

Mwone yule dereva wa lori anakuja, kachoka, safari ya Mombasa bado imemkaa mabegani. Ana hadithi huyo, tazama anavyotikisa kichwa peke yake. Sogea, akae. Una kalamu?